Siku Tulipompima Akili Kapteni

Niliingia Nairobi nikiwa nimekaa juu ya nyanya. Wengine huingia na barua ya kazi, wengine na namba ya simu ya binamu. Mimi niliingia na doa jekundu kwenye suruali, na halikutoka mpaka suruali yenyewe ilipochanika.

Lori lilikuwa limetoka Loitokitok. Kabla ya Loitokitok nilikuwa Taveta, nyumbani, ambako sikai. Kabla ya hapo Arusha, nikibeba mizigo ya watu stendi, na kabla ya Arusha nilikuwa Moshi nikiuza miwani ya jua msimu wa mvua. Sikuwa nakimbia mtu. Ni miguu tu. Mahali pakianza kunijua jina, miguu inaanza kuwasha. Dereva alikubali nipande kwa sharti kwamba tukikwama nitapakua, na tukakwama, mbele kidogo ya Emali. Tulishusha makreti yote kando ya barabara, tukashinda juani tukizigeuza nyanya zisioze upande mmoja, huku dereva akitafuta fundi na utingo akimlaumu kila aliyepita. Tulipofika soko la Kawangware asubuhi iliyofuata, nusu ya mzigo ilikuwa supu. Dereva akanilipa kwa kreti moja la zilizosalia.

"Uza ule, bro," akasema. "Barabara yangu inaishia hapa."

Nikazipanga juu ya gunia karibu na ukumbi mmoja pale Kabiro, mtaa wa humo humo Kawangware, nikaanza kuita wateja. Sauti ninayo. Haukupita muda mwanamke mrefu mwenye mkoba uliojaa karatasi akatoka ukumbini na kusimama mbele yangu. Nilidhani anakuja kunifukuza.

"Unajua kusoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne, madam."

Akanipa karatasi moja. "Soma kwa sauti."

Yalikuwa maelekezo ya Kiswahili: tazama alama iliyo juu, kisha kata kwa penseli kila alama inayofanana nayo. Nikasoma kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Sawa. Sasa soma tena, lakini usiniuzie."

Huyo ndiye Daktari Njeri, mwanasaikolojia, na hilo ndilo somo la kwanza la kazi iliyonishika kuliko kazi nyingine yoyote. Ninyi vijana mnaosimamia majaribio haya leo, mnaotembea na tableti kwenye mifuko ya mgongoni, someni maelekezo kama mtu anayesoma saa ukutani. Ukiweka furaha kwenye sauti, mchezaji anakimbia. Ukiweka huruma, anaogopa. Usimuuzie kitu.

Naandika haya nikiwa Isiolo, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama barabara, na mtakapoyasoma huenda nimeshahama. Mniwie radhi nikirukaruka. Kukaa kitako na kuandika mambo kwa mpangilio kunanishinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Klabu za ligi, zile zinazolipa wachezaji wao, zilianza kutaka kujua kichwa cha mchezaji kama zinavyojua mapafu yake. Anaona haraka kiasi gani? Akionyeshwa wachezaji walivyosimama uwanjani, kisha picha ikaondolewa, anakumbuka nani alikuwa wapi? Akisomewa tarakimu, anaweza kuzirudia kinyumenyume? Daktari alikuwa na majaribio ya namna hiyo, na wachezaji wake wengi walikuwa wanaishi Kibera na Kawangware. Alihitaji mtu wa kusoma maelekezo, kugawa penseli, na kushika saa ya kupimia muda. Wachezaji hawakujishughulisha kuuliza jina langu. Waliniita Saa.

"Niaje, Saa! Leo unatutesa ama unatuonea huruma?"

"Leo nasoma tu," nilikuwa nawajibu.

Kuna mambo mliyofundishwa chuoni na mengine hamkufundishwa. Haya hamkufundishwa. Usimpime mtu baada ya mazoezi, wala baada ya ugali. Mpime katikati. Usimpime siku inayofuata kipigo, maana kila umbo atakaloliona ni bao walilofungwa. Kipa usimketishe karibu na dirisha, kwa sababu kipa hutazama kila kinachopita angani, hata kunguru. Chonga penseli zote wewe mwenyewe, zilingane. Wachezaji watabishana juu ya penseli ndefu kana kwamba urefu wake ndio unaoleta majibu. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha kazi na usijifanye una sauti. Na ukiwa mtaani, usiwaambie watu kwamba unampima mtu akili.

Hili la mwisho nililipata kwa mama mmoja wa Makina, Kibera, mama yake kapteni wa timu moja tuliyokuwa tunaipima. Tulikwenda kumtafuta mwanawe nyumbani, Daktari na mimi, nami nikamweleza kwa heshima zote kwamba tumekuja kumpima akili. Mama alikuwa Mnubi wa Kibera hasa, mwenye vyumba vya kupangisha na sauti ya kuvisimamia. Akaweka birika chini.

"Ramadhan wangu? Kwani amefanya nini? Ameokota makaratasi barabarani?"

"Hapana mama, ni ya mpira—"

"Mpira umemharibu kichwa! Nilisema! Hii kupiga mpira na kichwa kila siku!"

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Ilibidi tunywe chai vikombe viwili viwili na kula mkate mwembamba wa moto kabla mama hajaamini kwamba hatumpeleki mwanawe kulazwa. Tangu siku ile nasema "mazoezi ya kichwa", na "mtihani" silitamki kabisa. Wachezaji wengi waliachana na shule kwa ubaya. Ukisema mtihani, mtu mzima mwenye ndevu anatokwa jasho la mtoto.

Huyo Ramadhan ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Alikuwa kiungo. Ukimtazama siku ya mechi, hukuwa unaona mtu wa ajabu. Hakuwa na mbio na hakuwa na chenga za kuchekesha watu. Lakini mpira ukimfikia, ulikuwa unatoka kwake umetulia, kama mtu aliyeingia nyumbani akapewa maji. Alikuwa anakaribia miaka thelathini na magoti yalikuwa yameanza kumnong'oneza. Ndipo klabu moja ya Dar es Salaam ikasema inamtaka kwa mkataba, wa kwanza wa maana maishani mwake na, kwa umri ule, wa mwisho. Wakaomba vitu vitatu: video za mechi, vipimo vya magoti, na matokeo ya majaribio ya Daktari. Video zilikuwa nzuri. Magoti yalipita kwa shida, lakini yalipita.

Majaribio tukawafanyia timu nzima pamoja, kama tulivyozoea, katika ukumbi ule wa Kabiro. Nikasoma bila kuuza. Nikabonyeza saa. Penseli zikaanza kukwaruza.

Jaribio la kukata alama linahesabiwa kwa mistari uliyoimaliza kabla muda haujaisha. Huhitaji ujanja, unahitaji kutulia na kwenda. Wachezaji waliinama. Ramadhan naye aliinama, akakata mistari miwili, akainua kichwa. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatazama nyuma. Akainama, akakata mstari mmoja, akainua kichwa tena. Nilidhani anataka kuibia, lakini macho yake hayakutua kwenye karatasi ya mtu. Yalikuwa yanazunguka ukumbi kama ya mchungaji wa mbuzi. Kwenye zile picha za uwanja ilikuwa vilevile. Tulikuwa tunawapa vizibo vya soda wavipange kama wachezaji walivyokuwa wamesimama kwenye picha. Ramadhan alikuwa anaweka kizibo kimoja, anatazama watu.

Nilipotangaza muda umekwisha, karatasi yake ilikuwa nyeupe kuanzia katikati hadi chini.

Matokeo yalipotoka, kapteni alikuwa wa mwisho. Hata kipa Ouko, aliyekata alama zisizofanana kwa sababu eti zilimkasirisha, alikuwa juu yake. Meneja wa klabu ya Ramadhan, mtu asiyependa kukaa kwenye kiti, alikuja ukumbini akazisoma amesimama.

"Daktari, hii siwezi kuituma. Wakiona hii, wamemwacha."

"Nami siwezi kuibadilisha," Daktari akasema.

"Sijasema uibadilishe. Nasema tu wamemwacha."

Ramadhan alikuwa mlangoni, amesikia. Alichukua begi lake, akangoja wenzake watoke wote, halafu naye akatoka. Nilimwona jinsi alivyovuta mlango nyuma yake taratibu, ukajifunga bila kelele.

Wakati huo nilikuwa nimekaa Nairobi muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote, na miguu ilikuwa imeshaanza. Asubuhi nilikuwa napita kwenye maegesho ya malori nikiuliza madereva wanakwenda wapi, bila sababu. Mmoja akisema Marsabit, moyo unaruka. Nilikuwa nimepanga kuondoka mwisho wa wiki ile, bila kuaga, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoondoka kila mahali. Lakini mlango ule uliofungwa taratibu ulinikaa kichwani. Daktari naye haukumtoka. Alinikuta nafunga penseli kwa mpira akasema, "Kesho twende uwanjani kwao. Sijawahi kuwaona wakiwa hawajakaa kwenye viti."

Tukaenda. Uwanja wao ulikuwa ng'ambo ya reli, ukipita soko la Toi na mitumba yake, mchanga mtupu, na goli moja limeegemea upande kama mtu anayesikiliza umbea. Walikuwa wanamaliza mazoezi kwa kuzunguka uwanja. Wenye pumzi walikuwa mbele. Nyuma kabisa alikuwa beki mmoja mnene aliyetoka kupona malaria, na kando yake, hatua kwa hatua, alikuwa Ramadhan. Angeweza kuwapita wote. Lakini alikwenda na yule wa mwisho, na kila baada ya hatua chache alikuwa anageuza shingo, kushoto, kulia, nyuma.

"Angalia shingo yake," Daktari akasema. Aliliona kabla yangu. "Ndiyo ile ile ya ukumbini."

Waliomaliza walikaa chini mchangani, lakini hakuna aliyevua njumu. Walikaa tu, kamba zimefungwa, jasho linawatiririka. Hata Ouko, ambaye kidole chake kimoja cha mguu kilikuwa kimevimba na alikuwa analalamika kwa mtaa mzima kusikia, hakugusa kamba. Beki yule alipofika na Ramadhan, akajitupa chini, ndipo wote wakainama kwa pamoja kuzifungua.

"Kwa nini mnangoja hivyo?" Daktari akauliza.

Ouko alikuwa anatoka kijiji cha Raila, humo humo Kibera, na hakuwahi kujibu swali kwa ufupi. "Daktari, wewe hujui hizi njia zetu? Zamani kila mtu alikuwa anavua, anaenda kwao. Sasa wa mwisho anabaki peke yake, giza linaingia, anapita huko nyuma na njumu mkononi. Kuna mse wetu alinyang'anywa njumu, jezi, mpaka soksi. Soksi, Daktari! Zilikuwa zinanuka! Rama alipokuwa kapteni akasema, hakuna kuvua mpaka wa mwisho amalize. Tunavua pamoja, tunaenda pamoja."

"Na yeye?"

"Yeye ndiye anachunga wa mwisho. Ndio maana hajawahi kushinda raundi hata moja, na ana mapafu kama lori."

Daktari akamgeukia Ramadhan. "Kule ukumbini ulikuwa unamtafuta nani?"

Ramadhan akapangusa uso kwa jezi. "Nilikuwa naangalia nani amekwama."

"Lakini nilisema kila mtu afanye yake."

"Ulisema, Daktari. Nilisikia." Akatazama mchanga. "Lakini shingo imezoea."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Daktari hakukimbilia kusema jaribio ni baya, wala hakusema mtu ni mjinga. Alisema jaribio limepima kitu, ila si kile alichotaka kujua. Alikuwa na matoleo matatu ya karatasi zile, alama tofauti, picha tofauti, ili mtu asipimwe kwa kitu alichokwisha kukiona. Moja lilikuwa limetumika. Akaamua ampe la pili akiwa peke yake, mlango umefungwa.

Tukafanya hivyo. Ramadhan peke yake katika ukumbi mkubwa, viti vitupu, mimi na saa, Daktari kwenye kona. Nikasoma. Nikabonyeza. Akainama, akakata mstari mmoja, akainua kichwa, akatazama mlango. Akainama. Akatazama mlango. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutazama, na shingo haikujua pa kutua.

Aliposikia muda umekwisha aliweka penseli chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu.

"Nikiwa peke yangu sijui kama nimechelewa au nimewahi," akasema. "Nimejaribu, Saa. Si unaona nimejaribu?"

Nilimwona. Lilikuwa limebaki toleo moja, na Dar walitaka majibu Ijumaa. Baada ya hapo, Ramadhan angebaki kwenye mchanga ule mpaka magoti yakome kunong'ona na yaanze kupiga kelele.

Timu nzima ilikuwa nje, imeegemea ukuta wa ukumbi, ikijifanya inapita. Daktari akatoka akawaambia ukweli, bila kuficha: limebaki moja, na hajui alifanyeje.

Ouko ndiye aliyejibu, kwa kejeli, kama kawaida yake. "Shida ya Rama ni kwamba hajawahi kuwa wa mwisho. Anajua kungoja, hajui kungojwa. Mimi ningekuwa naye humo ndani nimekaa na njumu zangu, kidole kinaniuma, namwangalia tu, si angekimbia?"

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alimtazama Ouko kwa muda mrefu hadi Ouko akaanza kujitetea.

"Nilikuwa natania, Daktari."

"Rudia ulichosema," Daktari akamwambia.

Siku ya toleo la tatu waliingia wote, wamevaa jezi za mazoezi na njumu, kamba zimefungwa. Mzee mwangalizi wa ukumbi aliposikia vyuma vikigonga sakafu yake alikuja mbio na fagio.

"Nani amewaambia hapa ni uwanja? Hii sakafu mnaijua?"

"Mzee, pole," Ouko akamwambia. "Kuna mgonjwa ndani anapimwa akili."

Walijipanga kando ya kuta nne, wakakaa. Daktari aliwawekea sharti moja tu: kimya. Hakuna neno, ishara wala kikohozi. Hawakuwa na karatasi wala penseli. Mikono wameiweka magotini. Kwao, wote walikuwa wameshamaliza. Aliyebaki njiani alikuwa mmoja.

Ramadhan akakaa kwenye kiti cha katikati. Akageuza shingo kushoto, kulia, nyuma, akawaona wote wamekaa, njumu zimefungwa, macho yao kwake. Nilimwona akihesabu kwa macho kama alivyozoea, akafika mwisho wa hesabu na asimpate aliyekwama. Ouko alikuwa amenyoosha mguu wenye kidole kibovu katikati ya njia, amekunja uso kama mtu anayekata roho. Ramadhan akatabasamu kwa pembe ya mdomo.

Nikasoma maelekezo. Naapa kwamba sikuuza hata neno moja. Nikabonyeza saa.

Akainama, na kichwa hakikuinuka tena.

Nimeshika saa ile kwa watu wengi na sijasikia penseli ikienda vile. Mstari, mstari, mstari, geuza ukurasa. Kwenye vizibo vya soda mikono yake ilikwenda kama ya muuza karanga anayefunga pakiti, hiki hapa, hiki pale, beki huyu amevuta ndani, yule winga amelala pembeni. Mimi natakiwa kutazama saa, lakini nilijikuta natazama njumu. Zote zimekaza kamba, zimetulia, zinangoja.

Akaweka penseli chini. Akainua kichwa. Nikatazama saa: bado ilikuwa inakimbia. Nilikuwa sijasema muda umekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi, maana sharti lilikuwa kimya. Nilichosikia ni wanaume wakiinama kwa pamoja, na kamba zikifunguliwa pande zote za ukumbi. Ramadhan alisikiliza sauti ile akafunika uso kwa viganja.

Daktari aliandika kila kitu kwenye ripoti yake, bila kuficha. Aliandika kwamba amepimwa mara tatu, mara ya kwanza kundini, ya pili peke yake, ya tatu mbele ya wenzake waliokaa kimya, na matokeo ya kila mara. Meneja alisita kuituma. "Watasema tumechezea matokeo," akasema. Daktari akamjibu kwamba wakisema hivyo watakuwa hawajaisoma. Dar walichelewa kujibu, tukaishi siku kadhaa kama watu waliokalia nyanya. Halafu kocha wao akapiga simu mwenyewe. Aliuliza swali moja tu: huyu mtu anayegeuza shingo, uwanjani anageuza hivyo hivyo? Ouko akamnyang'anya meneja simu.

"Kocha, huyo hugeuza mpaka sisi tunachoka!"

Wakamchukua. Mama yake aliiambia Makina nzima kwamba mwanawe amepimwa akili mara tatu na imeonekana ipo.

Baada ya hapo kazi ilibadilika. Karatasi ziliondoka, zikaja tableti. Ninazisifu, msinielewe vibaya. Haziulizi penseli ndefu. Ila zina mambo yake: kidole chenye jasho hakisomeki, kwa hiyo wapeni kitambaa kwanza, na wale waliozoea kubashiri mechi kwenye simu hubonyeza kabla hawajasoma, kwa hiyo waambieni wakalie mikono mpaka mtakapomaliza maelekezo. Tena tableti inahesabu muda yenyewe. Saa yangu ikawa mfukoni tu, inanigonga paja ninapotembea. Daktari hakuniambia niondoke. Alinipa kazi ya kuchaji. Lakini kila nilipopita kwenye maegesho ya malori, miguu ilisimama yenyewe.

Siku niliyoondoka kwa kweli ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimepata dereva wa kwenda Isiolo, amenitajia saa ya kuondoka, na amesema hangoji mtu. Tulikuwa na kazi pale Kabiro asubuhi ile, timu ya Kibera na wachezaji wapya waliosajiliwa kutoka Kawangware, wote na njumu miguuni, kama ilivyokuwa desturi yao ukumbini tangu siku ya Ramadhan. Begi langu nilikuwa nimelificha chini ya meza ya tableti. Nilipanga nitoke wakati wa sehemu ya mwisho, ile ya maumbo ambayo haina muda, kila mtu ameinama. Ningekuwa Thika kabla hawajajua. Sikuwahi kuondoka mahali kwa njia nyingine.

Wakaanza sehemu ya mwisho. Mmoja mmoja wakamaliza, wakaweka tableti mezani. Nikavuta begi polepole kwa mguu. Ouko, ambaye sasa ndiye alikuwa kapteni, aliliona. Akalitazama begi, akanitazama mimi.

"Saa," akasema chini chini. "Unahepa?"

"Lori linaondoka."

"Sawa." Hakubisha. Akanyoosha kidevu kuelekea kona ya ukumbi. "Lakini yule bado."

Kwenye kona alikuwa amebaki mchezaji mmoja mpya wa Kawangware, beki mwembamba, amekunja uso juu ya maumbo yake. Mgeni yule hakuijua sheria ya timu. Alipoinua kichwa akaona wenzake wote wamekaa, njumu zimefungwa, alidhani wamekasirika, akaanza kuharakisha.

"Usiogope," Ouko akamwambia. "Malizia tu. Tuko."

Nje nilisikia honi mara moja. Dereva yule hakuwa amedanganya. Nikatazama mlango, nikatazama kona. Kisha nikavuta kiti, nikakaa, nikaweka begi magotini. Saa ilikuwa mfukoni na sikuitoa.

Sijui alichukua muda gani. Alipoiweka tableti mezani, wote wakainama kufungua kamba, na mimi nikajikuta nimeinama nao, nafungua viatu vyangu vya safari. Ouko aliniona akacheka bila sauti. Nikakaa hivyo kidogo, kamba zimelegea, miguu imetulia kama ambavyo haijawahi kutulia.

Halafu nikazifunga upya, nikawapa mkono mmoja baada ya mwingine, Daktari wa mwisho, nikaenda kutafuta lori lingine.